Irabu Tatu

Kioo kimefika na basi la usiku, ndani ya boksi la sabuni,
kimeviringishwa gazeti juu ya gazeti kama yai.
Elfu tisini na tano, pesa ya shangazi Nyamizi,
aliyeihesabu mara mbili mezani pangu hapa Kanyenye
kwa vidole vya mtu aliyekata tiketi miaka ishirini na miwili,
dirisha la pili, stesheni ya Tabora.

"Usiniharibie," akasema. "Si changu."

Kweli si chake. Ni rehani.
Kijana mmoja wa Kigoma alipungukiwa nauli,
akasukuma gemu lake chini ya nondo za dirisha:
shika hiki, mama, nikirudi nitakikomboa.
Treni ikapiga honi, ikaelekea magharibi,
na miaka kumi na sita ikaondoka nayo.

Shangazi akajifunza kucheza ili betri isife.
Ndivyo anavyodai.
Ukimkuta saa nane usiku, miwani imeshuka puani,
anapanga matofali yanayoanguka na kutukana kwa Kinyamwezi,
usimuulize habari za betri.

Nikafungua skrubu sita. Ya saba imelika kichwa,
nikaitoa kwa kisu na dua.
Kioo cha zamani kikatoka na mistari yake mitatu myeusi
iliyosimama wima kama abiria waliokosa siti.
Nikakwangua plastiki kwa ndani, maana kipya kina ukingo mnene,
nikaanza kuchomelea waya mwembamba kama kope,
umeme ukakatika mtaa mzima.
Tukakaa. Risasi ikapoa. Shangazi akala karanga zangu.

Uliporudi, nikawasha:
mchezo wote umejikunyata katikati ya kioo,
mdogo kama stempu kwenye bahasha ya kaki.

"Elfu tisini na tano," akasema polepole,
"ili nione vidogo zaidi?"

Nukta zimekuwa nyingi, shangazi.
Palipokaa moja ya zamani sasa wanaenea tisa,
ila mchezo haujaambiwa; umekuja na zake zilezile chache,
umejibanza kama mgeni wa kwanza kufika ukumbini.
Nikabonyeza vitufe viwili, nikashikilia, nikahesabu hadi tano.
Kila nukta ikaita wenzake wanane wakae mkeka mmoja,
picha ikatanuka, ikagusa kingo zote nne,
na nyuma ya matofali kumbe kulikuwa na mlima,
miaka yote kulikuwa na mlima.

Kisha orodha ya wachezaji.
La kwanza ni lake: MIZI.
La pili hajawahi kuligusa, ni la mwenye mali.
Tulizoea kuona B, tukaona K, tukaona R,
irabu zimelaliwa na ile mistari mitatu,
naye akazijaza mwenyewe: Bakari.
Bakari aliyemuulizia kila treni ya Kigoma ilipoingia,
kwa wauza dagaa, kwa wanafunzi wenye masanduku ya bati:
Bakari, mrefu, ana kovu kidevuni.
Hakuna aliyemjua.

BUKURU.

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa.
"U," akasema. "U. Na U."
Nje pikipiki ikapita, ikarudi.
"Huyu ni pacha. Kwa Waha, Bukuru ndiye Kulwa.
Kwa hiyo yupo na Butoyi mahali, naye sikumuulizia."

Nikamwambia kioo hiki kinakula chaji, asishangae.
Hakusikia. Aliuliza treni ya Kigoma siku hizi inaingia lini.
Nikasema sijui, ratiba imebadilika,
akanitazama kama niliyemtukania mama.

Alipoondoka alirudi mlangoni.
Kile kioo kibovu, nilichokwisha kukitupa kwenye ndoo,
akakiokota, akakizungushia lile gazeti.
"Hata hiki," akasema, "ni cha mwenyewe."